Keki ya Corinne

Dorthea, nimejifungia kwenye choo cha walimu!

Unamjua Corinne, yule mwalimu wa sayansi wa darasa la saba. Aliponiuliza asomee uzamili gani, nikamwambia, "Uongozi, shosti. Umezaliwa mkuu wa shule!" Maana wilaya inasomesha mwalimu mmoja tu kila mwaka uzamili wa kufundisha hisabati, na nafasi hiyo nimeiomba mimi.

Leo mkuu kaingia ofisi ya walimu na keki. "Tumepata mtu wa uzamili wa hisabati!"

Nikasimama. Dorthea, NIKASIMAMA, nikaweka nywele sawa!

"Hongera, Corinne!"

CORINNE! Wa kupasua vyura!

Nimeganda pale pale nimesimama, mkuu akaniona: "Marlys! Kumbe umeshajitolea kumshikia vipindi vyake akienda chuoni!"

Wote wakapiga makofi.

Na mimi nikasema asante.