Mama A wa Hombolo

Jumatatu, 1 Julai 1996

Debora anapanda ndege! Debora wangu, wa tumbo hili hili, anakwenda Ulaya!

Habari kaileta Mwalimu Ebenezer kutoka mjini. Hata baiskeli hajashuka vizuri, anapiga kelele huko kwenye michongoma — Mama Debora, mwanao kachaguliwa! Chuo kizima pale Mlimani wamechukua wawili, wa kiume mmoja na wa kike mmoja. Wa kike ni wangu. Wiki tatu, shule ya kiangazi, ya haki za binadamu. Watu watatoka nchi nyingi, mpaka Wahindi wa kwao India.

Nimecheka, nimelia, nimeunguza mboga. Castory aliporudi shambani nilimwambia mara mbili ndipo akaelewa. Akauliza, atakula nini huko? Mwanaume huyu! Halafu akaenda nyuma ya nyumba kama anayetafuta jembe. Jembe alikuwa nalo begani.

Castory ni baba mdogo wa Debora. Sostenes, mume wangu, alifariki mtoto hajang'oa jino la kwanza, na mdogo wake Castory ndiye akanirithi. Debora anamwita baba, basi. Ndiye aliyeuza baiskeli yake mtoto aende sekondari Msalato. Ukoo mzima ulimcheka — unauzaje baiskeli kwa ajili ya binti? Wacheke tena sasa!

Naandika hapa kwa sababu nikiendelea kusema, majirani watanifungia milango. Nina darasa la nne la zamani, lile lenye maana.

Jumapili, 7 Julai

Nilimwomba Padri atangaze. Katangaza kidogo tu, eti "mmoja wa vijana wetu". Baada ya misa nikazunguka kuwaeleza ni kijana gani.

Tereza, jirani yangu, hawezi kumeza sukari ya mwenzake. Akasema mbele ya watu: Shule wakati wa likizo, jamani? Si ndiko wanakorudishwa waliofeli?

Nikamwambia, mwanao alipofeli alipelekwa Ulaya au alipewa jembe? Wanawake walicheka mpaka Padri akachungulia. Lakini Tereza hashindwi. "Na hizo haki, akirudi nazo, atakugawia mama'ke?" Nikasema atanigawia, na wewe nitakupa kipande.

Nimerudi nyumbani na neno hilo. Kafeli? Nikamfuata Mwalimu Ebenezer. Kasema hapana Mama Debora, kwa wenzetu kiangazi vyuo vinafungwa, ndipo vyumba vinapatikana, wanaalika watu kusoma jambo moja kwa kina. Sawa. Sisi kiangazi tunafukua mchanga tupate maji. Nani angesoma?

Jumanne, 23 Julai

Hakuna habari. Upepo mtupu. Vumbi mpaka kwenye maziwa.

Ikipita ndege natoka nje. Castory anasema hiyo inakwenda Nairobi. Kajuaje?

Jumamosi, 17 Agosti

Amerudi! Kakata nywele, kavaa suruali — nikamwambia funga kanga kabla Tereza hajafika. Akacheka, akafunga. Kaniletea kitambaa cha kichwa na chokoleti iliyoyeyuka. Castory kaletewa sweta zito la buluu. Kalivaa hapo hapo, jua la saa saba! Jasho linamtiririka, kagoma kulivua. Debora kampigia goti kama zamani, "Shikamoo baba." Ulaya haijamharibu.

Mchana tunachambua mlenda, akatoa kinasa sauti kidogo kama kipande cha sabuni. Anasema, mama, nisimulie ile siku ya kuondoa matanga ya baba, nina kazi nayo, nasahihisha pepa, yale maandishi niliyoyasoma mbele ya watu kule.

Mimi nasimulia vizuri, kila mtu anajua. Nikasimulia.

Kwenye ukoo wa Sostenes mjane anapewa kata ya maji mbele ya wazee, ampe anayemtaka kati ya ndugu wa marehemu. Akinywa, imekwisha, nyumba imepata mtu. Basi wakaketishwa watatu. Batholomeo, kaka mkubwa, wake wawili tayari na sauti kama dume la ng'ombe. Binamu yao mmoja, pombe imemshinda, amesinzia. Na Castory, kijana mdogo hata kwangu, anatetemeka kana kwamba yeye ndiye mjane. Nikampa Castory. Kunywa hakujua, maji yote kwenye shati! Watu wakaangua kicheko matangani. Hata mama mkwe.

Nimecheka mpaka nikashika mbavu. Debora hakucheka. Akauliza, na kama usingempa yeyote?

Nikamwambia mlenda unanyauka, changamka.

Jumatano, 28 Agosti

Makubwa! Kuna mkutano wa haki za binadamu Dodoma mjini, ukumbi wa Chimwaga. Maprofesa, wanasheria, wazungu. Na mzungumzaji mmojawapo ni nani? Debora! Mada yake mila na haki za wanawake. Halafu siku ya mwisho wanataka kuona maisha ya wananchi. Na wanakuja kwa nani? Kwangu! Debora kasema kwenye simu ya parokia, mama, wamesikia habari zako, wanataka kukuona wewe hasa.

Habari zangu! Zimefika Ulaya kabla yangu.

Castory kaanza kupaka chokaa. Alianza na ukuta wa mbele, sasa kafika kwenye banda la kuku. Zabibu ziko tayari na mnunuzi anakuja na lori lake kuanzia wiki hii, lakini Castory kasema safu mbili zilizo karibu na nyumba hazikatwi mpaka wageni waone. Siku hizi kila mnunuzi na bei yake, akichelewa kidogo zinakauka mtini. Nilimwambia. Hasikii.

Nimemweleza Tereza. Kajitolea mwenyewe kuniazima masufuria. Sijawahi kuona.

Jumatatu, 2 Septemba



Leo limekuja gari la mkutano kukagua njia. Dereva kijana anaitwa Zaidi, na mama mmoja, Bi Rukia, mtu wa Kondoa, yuko kwenye shirika la wanawake mjini. Kajitanda vizuri, adabu tupu, kanisalimia mpaka kwa Kigogo. Halafu akanishika mikono miwili. "Pole sana dada yangu. Pole kwa yote."

Nikadhani ni pole ya Sostenes. Miaka kumi na tano! Nikasema ahsante, tumeshapoa.

Castory kaleta kiti, kaleta zabibu kwenye sinia, zile za safu ya wageni. Bi Rukia kashukuru bila kumtazama. Akangoja aondoke. Castory kaondoka na sweta lake, kaenda kumwonyesha dereva mizabibu.

Bi Rukia akasema taratibu: Siku hiyo patapatikana mahali ukae na wageni peke yako? Yule bwana asiwepo. Wangependa uzungumze bila woga.

Woga wa nani?

"Wa huyo aliyekurithi, dada. Binti yako ameeleza. Nilikuwepo kule kwenye shule ya kiangazi, aliposoma watu walitoa machozi."

Machozi! Kwa hadithi yangu ya kucheka!

Nilimpa zabibu aondoke nazo. Sikujua la kufanya na mikono.

Jumanne, 3 Septemba

Sijamwambia Castory. Anapaka chokaa, anapiga mluzi.

Nimefua mashuka yaliyokuwa safi. Nimemgombeza kuku. Tereza kapita kuuliza kama wazungu wanakula mlenda, nikamjibu vibaya, akasema "Ee, haki zimeshaanza kukupanda kichwani."

Hata kwa Padri nimefika, nikakuta hayupo. Ningemwambia nini? Yeye kila Kwaresima ananiuliza lini mimi na Castory tutafunga ndoa. Castory yuko tayari tangu mwaka wa pili. Mimi ndiye nasema tuvune kwanza.

Jumatano, 4 Septemba

Nimekwenda mjini kwa lori la mnunuzi wa zabibu. Chimwaga nikashuka. Watu wana beji vifuani, wanakunywa maji ya chupa — siku hizi maji nayo yananunuliwa dukani! Askari wa mlangoni kaniuliza beji. Nikamwambia sina beji, mimi ndiye ninayezungumziwa humo ndani. Hakunifungulia.

Debora katoka wakati wa chai. Kaniona, karibu aangushe kikombe. Mama! Kuna msiba?

Nikasema wewe ndiye utaniambia. Nani kafa mpaka nipewe pole na Bi Rukia?

Akanivuta pembeni. "Mama, jina lako halimo. Sijakutaja popote. Nimekuita Mama A."

Mama A! Mimi niliyewaambia Hombolo nzima kwamba jina langu limesomwa mbele ya wazungu! Hapo nikashindwa kujua kinachoniuma zaidi, kutajwa au kutotajwa.

Nikamwambia umemuuza baba yako. Akasema, baba sijamsema vibaya, nimeandika mila. Nikamwambia mila ndiyo iliyouza baiskeli? Mila ndiyo imevaa sweta lako juani mpaka leo?

Akalia. Pale pale, na beji yake. Wazungu wanapita, wanatazama pembeni kama hawaoni. Akasema: "Najua niko hapa kwa sababu yake. Najua, mama. Lakini umesema mwenyewe walikuwa watatu. Kama baba Castory asingekuwepo, maji ungempa nani?"

Nikainyoosha beji yake kifuani.

Ningempa Batholomeo. Ningefanyaje? Ningesema sitaki, ningerudi kwa kaka zangu na kanga mbili, na nyumba, na shamba, na Debora mwenyewe, vyote vingebaki kwa ukoo wa Sostenes. Wazee waliniuliza nani. Hawakuniuliza kama. Na mimi miaka yote nimesimulia shati lililolowa.

Sikumwambia hayo. Nilimfuta uso kwa ncha ya kanga, nikamwambia nenda, wenzako wanarudi ndani. Akaniuliza, mama, tufute ziara? Niwaambie unaumwa?

Nikasema mimi siumwi.

Alhamisi, 5 Septemba

Batholomeo katuma salamu. Atakuja kama mkuu wa ukoo, atawaeleza wageni mila yetu nzuri. Kaagiza atafutiwe kiti chenye mikono! Sikuwa na nguvu hata ya kucheka.

Viti vya parokia vimefika. Castory kavipanga, kavipangua, kavipanga tena. Kiti chake kakiweka karibu na changu. Nikaona siwezi tena. Nikamwita kwenye mizabibu, nikaanza, Castory, kuna jambo kuhusu wageni.

Akasema, najua. Yule dereva, Zaidi, aliniambia siku ile ile kwamba wageni hawanitaki nikae nao. Aliniuliza, mzee, wewe ndiye mrithi? Nikamwambia mimi ndiye niliyemwagikiwa maji.

Tangu Jumatatu anajua! Na chokaa kapaka, na mluzi kapiga.

Nikamuuliza, hukukasirika? Akasema, nilikasirika, ndiyo maana banda la kuku limepakwa mara mbili. Halafu akawa anachuma majani makavu, hanitazami. Akauliza kitu ambacho hajauliza miaka kumi na tano.

"Siku ile ulinitaka, au nilikuwa afadhali tu?"

Ningeweza kudanganya. Nadanganya vizuri. Lakini nilikuwa bado na lile swali la Debora mdomoni kama kokwa. Nikasema, ulikuwa afadhali.

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeambiwa bei aliyokuwa anaijua. "Nami nilikuwa nakuogopa," akasema. "Wewe na maneno yako." Akacheka kidogo. Mimi pia. Nilitaka kuongeza, lakini sasa si hivyo, Castory, sasa ni kitu kingine — Tereza akaingia anapayuka, masufuria yake yako wapi, na je akae mstari wa mbele? Nikaenda kumwonyesha yalipo.

Tereza alipoondoka Castory alikuwa bado amesimama pale pale.

"Basi niambie. Siku hiyo nikae, au niende shamba?"

Nikimwambia akae, nitasema nini mbele yake? Hadithi ya kucheka, Debora aonekane mwongo mbele ya maprofesa wake? Au ile nyingine, naye ameketi ananisikia na sweta lake, na Batholomeo kwenye kiti chake cha mikono? Nikimwambia aende shamba, nimemfukuza kwenye ukuta alioupaka mwenyewe. Na wao watasema unaona, alikuwa anamwogopa.

Sijamjibu. Kaenda kuchota maji. Debora katuma neno kupitia kwa Mwalimu Ebenezer, hajafuta chochote, ananiachia mimi. Bi Rukia, wazungu, maprofesa, Padri, Batholomeo, Tereza na masufuria yake — wote wanakuja keshokutwa Jumamosi, saa nne asubuhi.