Mtoto Aliyepewa Jina Langu

Mikumi, Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Barua hii naiombea ikukute umetulia, miwani usoni, na mguu ule umeacha kukusumbua. Ile dawa ya kuchua aliyokuletea kaka Hamisi imesaidia? Na mikorosho ya bondeni imechanua, au ugonjwa wa ubwiri umeiwahi tena kama mwaka jana? Mimi huku afya ninayo, namshukuru Mungu. Darasa langu la tatu limejaa mpaka wengine wanaandikia magotini. Tembo nao wameanza kuingia kwenye mahindi ya watu, kwa hiyo watoto wanaotoka mbali wanaletwa shule na wakubwa wao. Hayo tumeshayazoea.

Najua utashangaa kupata barua na simu ninayo. Mama, nimejaribu kukupigia. Ukipokea tu, swali lako la kwanza ni, "Somo wako hajambo?" Nami najibu hajambo, halafu tunahamia kwenye bei ya korosho. Ndiyo maana nimeona niandike. Nikikusikia unafurahi mdomo unakuwa mzito.

Unakumbuka nilikwambia kwamba tuliosoma pamoja chuo cha ualimu tumefungua kundi kwenye simu. Aliyetukusanya ni Bakari, yule mcheshi aliyewahi kuja nyumbani Newala akala viazi vyetu vya ming'oko hadi ukacheka. Ualimu ameuacha, anauza spea za baiskeli Kimamba. Alitutafuta mmoja mmoja. Tukapata habari za wenzetu: huyu ni mwalimu mkuu Tabora, yule kawa mchungaji, mwingine ana mapacha, na wawili tumeambiwa wametangulia mbele ya haki. Nikagundua kuwa Mwanaidi, niliyelala naye bweni moja, yupo hapo hapo Kimamba, anafundisha na kulima mpunga. Miaka yote hii tuko wilaya moja na hatujui! Akanialika kwake.

Nilipofika alinikumbatia akalia. Mama mkwe wake akatoka ndani akaniuliza, "Ndiye huyu?" Mwanaidi akasema ndiye. Bibi wa watu akanishika mikono yote miwili. Wamechinja kuku, wametandika mkeka mpya, mimi sielewi. Halafu akaitwa binti wa miaka kama tisa hivi. "Sofia, njoo umsalimie somo wako."

Hapo ndipo nilipojua kuna mtoto anaitwa kwa jina langu, na nikaambiwa sababu. Tukiwa mwaka wa pili chuoni, Mwanaidi aliugua malaria ikampanda kichwani. Eti mimi nikambeba mgongoni mpaka hospitali, daktari akasema angechelewa kidogo angekufa. Ndivyo alivyowasimulia mume wake, mama mkwe wake na huyo mtoto.

Mama, si mimi. Siku hiyo mimi na wenzangu tulikuwa uwanjani kwenye michezo. Aliyebaki bwenini ni msichana mmoja wa Lumuma, anaitwa Pendo. Gari la chuo halikuwepo, akambeba mwenyewe, akakaa naye usiku kucha. Mimi nilikwenda kesho yake na uji. Pendo akaniomba nimshikie zamu akaoge. Mwanaidi alipofumbua macho, aliyemwona pembeni ya kitanda ni mimi. Kabla Mwanaidi hajatoka hospitali, Pendo akafuatwa na mjomba wake: mama yao amefariki, wadogo zake hawana mtu. Akaondoka, hakurudi tena chuoni. Mwanaidi hakuwahi kuniuliza, na mimi sikujua anavyodhani mpaka siku hiyo nikiwa na kipande cha kuku mkononi.

Ningesema pale pale. Nilishafungua mdomo, Mama, nakuapia. Lakini yule mtoto akasogea akaniegemea, akauliza, "Somo, mama alikuwa mzito?"

Nikamjibu, "Hapana, hakuwa mzito."

Wote wakacheka. Nami nikacheka.

Jioni nikakupigia nikakueleza kwamba kuna mtoto Kimamba amepewa jina langu kwa sababu nilimwokoa mama yake, ukweli wenyewe sikukueleza. Ukapiga vigelegele hadi nikasogeza simu mbali na sikio. Nikajiambia, kuna ubaya gani? Pendo mwenyewe hayupo, hajulikani aliko.

Haukupita muda Bakari akampata. Akamwingiza kwenye kundi, tukaona picha yake amejifunga kilemba cha kijani. Watu wakamkaribisha. Mwanaidi naye akaandika: "Karibu Pendo. Wewe ulituacha bila kuaga. Mimi niko kitandani nakaribia kufa, hata kuja kunijulia hali hukuja." Huyo ni Mwanaidi, akiwa na dukuduku hulitoa.

Kisha Pendo akajibu, "Nisamehe ndugu yangu. Nyumbani kulikuwa na matatizo."

Niliyasoma nikiwa ofisini, madaftari ya watoto mbele yangu. Neno moja langu lingetosha. Nikafunika simu nikaendelea kusahihisha.

Sasa wewe ukatuma kile kifurushi kwa basi. Gauni la kitenge la somo wangu, umelishona mwenyewe na macho hayo, na mfuko wa korosho wa kumpa mama yake. Nililitandika kitandani nikashindwa kulala chumba hicho. Nikalala sebuleni kwenye kochi, utafikiri kuna mgeni.

Jumamosi moja nikampigia Pendo. Akasema ameshuka na vitunguu Kilosa mjini, kwa mnunuzi wake pale Magomeni. Nikapanda gari la asubuhi. Nilimkuta amekaa juu ya gunia anangoja mizani. Amekonda, lakini kicheko ni kile kile. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama.

"Nilishajua," akasema. "Aliponiandikia vile nikajua hajui ni nani aliyempeleka. Bakari alishaniambia habari ya mtoto."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini, Sofia? Nidai mtoto wa watu abadilishwe jina? Nilikungoja wewe."

Akatazama magunia yake, akasema taratibu, "Jina wala haliniumi. Ila kuniambia sikwenda kumwona! Yule alikuwa mzito, dada. Nilimshusha chini ya ule mti wa kituoni nikalia, nikaona atanifia. Nikambeba tena."

Nilimwomba twende wote Kimamba. Akakataa. "Mizani inakuja saa hii. Hilo kalimalize mwenyewe."

Nikachukua bodaboda. Mwanaidi alikuwa uani anachambua mchele kwenye ungo. Nilisema bila kukaa, maana ningekaa ningeanza kuzunguka. Nilipomaliza akaendelea kuchambua, nikadhani hakunisikia.

"Siku ile kwenye kundi," akasema hatimaye, "maneno niliyomwandikia uliyasoma?"

"Niliyasoma."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Akaweka ungo chini. "Hilo la jina ningekusamehe leo hii, kosa ni langu, nilikuwa na homa. Lakini umeniacha nimtukane mtu aliyenibeba, watu wote wanaona."

Akamwita mtoto. "Mwambie mwenyewe," akaniambia, akaingia ndani. Nikamsikia anapiga simu, anasema, "Pendo? Pendo, ni mimi," halafu sauti ikakatika kwa kilio.

Mama, nimefundisha miaka, sijawahi kumweleza mtoto jambo gumu kama hilo. Alinisikiliza amesimama, mikono nyuma, kama wanavyosimama mbele ya mwalimu. Akauliza, "Kwa hiyo nitaitwa Pendo?" Nikasema sijui, jina ni lake, atamuuliza mama. Akasema haya.

Nilipokuwa naondoka nilitoa kifurushi chako mkobani. Nilitegemea kitarudishwa. Mwanaidi alikipokea kwa mikono miwili, macho mekundu, akasema, "Mama yako hana kosa. Mwambie ahsante." Lakini hakunisindikiza. Nilitoka peke yangu mpaka barabarani, na mtoto aliniaga akiwa mlangoni: "Kwaheri, mwalimu."

Usiku ule ule Mwanaidi alimwomba Pendo radhi kwenye kundi, mbele ya wote. Jina langu hakulitaja. Nikalitaja mwenyewe, nikaandika jambo zima kama nilivyokuandikia hapa. Bakari aliandika tu, "Tumesikia, mwalimu."

Likizo ilipofika Mwanaidi na binti yake walipanda Lumuma kwa Pendo. Nimeona picha, wako kwenye majaruba ya vitunguu, wote watatu wamefumba macho kwa jua. Mtoto bado anaitwa Sofia. Pendo ananipigia, tunaongea vizuri. Mwanaidi salamu zangu anazijibu, haongezi neno. Sijui kama ataongeza. Nimeacha kumbembeleza, nangoja kama alivyoningoja Pendo.

Sasa kuna wewe, Mama. Najua umewatangazia akina mama wa kisimani na wenzako wa madrasa ya wanawake kwamba mwanao aliokoa mtu. Nakuomba uwaambie si kweli. Najua nakutwika aibu isiyo yako, na hilo ndilo lililonichelewesha. Kama ni vigumu, ngoja nije mwezi wa kumi na mbili nitawaambia mwenyewe, mmoja mmoja, hata pale foleni ya maji.

Nisalimie kaka Hamisi na shemeji, na watoto wao wote. Shangazi Zainabu mpe shikamoo yangu, mwambie kitunguu cha Lumuma nitamletea. Mjomba Saidi mwambie nimepata dawa ya macho aliyoagiza. Mdogo wangu Tabia asome, asishinde na simu.

Mama, ukinikasirikia nitaelewa, gomba utakavyo. Ila usininyamazie. Ukimaliza kusoma, nipigie wewe, hata kama ni kunigombeza. Simu nimeiweka mezani hapa.

Ni mimi binti yako,
Sofia