Kibao cha Pak Gunardi

Labuan Bajo,
Jumatatu, baada ya adhuhuri

Mjukuu wangu Hasnia,

Assalamu alaikum. Hujambo huko Maumere? Vidole vinaendeleaje na kumenya wale kamba kiwandani? Unakula, au bado unajikondesha kwa hasira? Mimi mzima, ila goti la kushoto linagombana na ngazi za meli. Anayeniandikia ni Masita, mke wa imamu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambie.

Najua ulininunia niliposhika kazi ya kupika kwenye meli ya bwana huyo, Pak Gunardi. Ulisema, Bibi, umekosa jiko lingine duniani? Nikapanda meli. Miezi saba nimewapikia wageni wake wanaolala humohumo baharini wiki nzima, wanaozama na mitungi yao ya hewa asubuhi, mchana na jioni. Na miezi saba nimeutazama ule ubao kando ya mlango wa jiko. Unaujua kuliko mimi: kila anayeruka ana kibao chake chenye jina lake, upande mwekundu yuko majini, upande mweupe amerudi. Vyote vikiwa vyeupe, nahodha anaondoa meli.

Mwaka jana Gunardi alivigeuza vyote kwa mkono wake bila kuhesabu watu, kwa pupa ya kuwahi wageni wengine bandarini. Mkaachwa majini wewe, kiongozi wao, na yule mgeni, mama wa Kikorea. Saa sita nzima baharini umemshika mkono, hukumwachia. Nahodha Jumardin alimwona Gunardi akivigeuza, akafunga mdomo kwa sababu ana watoto wanne. Gunardi akaenda kwa mkuu wa bandari akasema wewe kiongozi mvivu, ulivigeuza vibao vyenu kabla hamjaruka ili usisumbuke baadaye. Wakakunyang'anya kadi ya kazi, na kila meli ikakufungia mlango.

Basi Alhamisi tulikuwa kwenye mwamba uleule. Gunardi akaruka wa mwisho, peke yake na kamera yake, kama anavyopenda. Wageni wakarudi mmoja mmoja. Jumardin akatazama ubao, vyote vyeupe, akawasha injini, tukaondoka.

Wakati wa chakula mgeni mmoja akauliza mwenye meli yuko wapi. Mwenzake akatania, labda kaoa papa. Wakacheka. Wakagonga mlango wa chumba chake, kimya. Ndipo tukageuza meli mbio.

Tulimkuta baada ya saa tatu, mkondo umemsukuma mbali, ameikumbatia kamera kama mwana, midomo ya zambarau. Alianza kutukana kabla hajashika ngazi. Nani amegeuza kibao changu? Mbwa gani? Kila mtu akaapa si yeye. Jumardin, sijui ulimi aliupata wapi siku hiyo, akamwambia, "Pak, labda ulijigeuzia mwenyewe kabla hujaruka." Akafoka, "Mjinga gani anajigeuzia kibao halafu anaruka? Anataka kufa?"

Jumardin akasema polepole, "Ndivyo ulivyosema juu ya Hasnia."

Wageni kumi na wawili wamesikia, mwanangu. Jumamosi Jumardin akaenda kwa mkuu wa bandari akatapika yote aliyoyaona mwaka jana. Jina lako limetakata. Kadi yako iko mezani kwake, inakungoja.

Sasa kaa chini. Niliyekigeuza ni mimi.

Masita ameweka kalamu. Nimemwambia aichukue.

Wamehojiwa wote melini, hata fundi wa injini, isipokuwa mimi. Gunardi alisema, "Huyo bibi mwacheni, hajui hata herufi moja." Kweli sijui. Lakini jina lake amelichapa kwenye kila sahani ya ile meli, na mwenye kuziosha ni nani? Nilikitafuta kile kibao, nikakigeuza, nikarudi kwenye vitunguu vyangu. Nilijua yuko wapi na sikufungua kinywa. Wali uliiva vizuri sana. Nilitaka aite, asiitikiwe. Nilitaka zitimie saa sita kama zako, wakanipunja. Sijutii, na usiniombee nijute.

Ila leo asubuhi Gunardi amemshitaki Jumardin kwamba alimwacha kusudi. Huyo Jumardin alikunyamazia mwaka mzima, na kwa hilo nimemtilia chumvi kwenye chai mara nyingi tu. Lakini kosa hili si lake, na mimi nimeshaona mtu akibebeshwa kosa lisilo lake. Kesho nakwenda kwa mkuu wa bandari kusema ni mimi. Wakinifunga, gereza litapata mpishi.

Usije kunililia mlangoni mwa polisi. Panda basi, chukua kadi yako, ukaruke majini mchana kweupe, wote wakuone. Yeye hasa.

Mpe salamu Bi Rahmatia aliyekupa chumba, mwambie fadhila yake sijaisahau. Masita naye anakusalimu. Mungu akulinde juu ya maji na chini yake.

Ni mimi bibi yako,
Mbo Sarifa
(hapo ni dole gumba langu)