Picha Mbili za Sayari Isiyo na Jua

Tandika, Temeke

Dada Bibiana,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, tafuta pa kukaa. Kama mama yuko karibu mwambie nimemsalimu sana, kisha barua hii uisome peke yako hadi mwisho, ndipo umsomee yale unayoona masikio yake yanayaweza. Mgongo wake vipi? Na wale watoto wako wa darasa la kwanza, bado wanakumaliza sauti? Huku sie tu hai. Neno hilo si dogo, maana mwezi uliopita shemeji yako Dismas nusura nimlete Masasi ndani ya sanduku.

Unaikumbuka ile picha tuliyoiona Mtwara, safari ile mjomba Longinus alipotuingiza sinema? Ya chombo kilichokwenda kwenye sayari isiyo na jua, wasafiri wakawa wanamezwa na giza mmoja mmoja, na yule mama daktari akawa anasimama mlangoni mwa chombo anawaita majina. Ulijidai mkubwa, lakini njia nzima ya kurudi kwa shangazi ulinibana mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Basi ni picha hiyohiyo iliyotaka kuniachia ujane.

Unajua Dismas alikuwa mwendesha mashine kwenye jumba la sinema hapa mjini. Biashara ya nje ilipofunguliwa, kila mwenye uwezo akaagiza deki Dubai, watu wakawa wanaangalia video vibarazani, jumba likabaki na popo. Likafungwa, sasa ni ghala la mitumba. Siku walipokuwa wanatupa vitu nje, Dismas akaokota nakala tatu za picha ile, zote mbovu. Moja haina mwanzo, nyingine imekwaruzika kama iliyoburutwa barabarani, na ya tatu rangi yake imegeuka nyekundu tupu. Wakampa na mashine ndogo ya zamani ya kuonyeshea sinema, ile waliyokuwa wakizunguka nayo vijijini. Tangu hapo mchana anatengeneza redio za watu, na akirudi anajichimbia chumba cha nyuma. Anakata kipande kizima huku, anakiunga kule, ili apate picha moja kamili. Hakuna aliyemtuma. Nikimuuliza faida yake, ananiambia, "Ana, nimewaonyesha watu picha hii tangu sijaota ndevu. Nitaiachaje ioze?"

Chumba chenyewe kimetenganishwa na kitanda chetu kwa pazia tu. Mikanda ya picha ikizeeka inanuka siki, harufu hiyo niliizoea. Lakini dawa ya kuisafishia, aliyoitoa stoo ya sinema ikiwa kwenye debe la bati, harufu yake ni tamu, tamu ya kulevya. Anachovya kitambaa, anaupitisha mkanda taratibu, uchafu wote unabaki kwenye kitambaa. Dirisha halifunguliwi, kwa sababu vumbi la Tandika likiudaka mkanda uliolowa linaganda.

Sasa yuko rafiki yake, Hemedi, anakodisha kaseti za video Kinondoni na nyuma ya duka ana ukumbi wa kuonyeshea. Siku moja akaja anahema. Kampuni yenyewe iliyotengeneza ile picha huko Ulaya imeitoa upya, imesafishwa kwa mitambo yao, na kaseti imemfikia. "Imetakata, braza! Utadhani wameipiga jana."

Dismas akaenda kuiangalia. Nilijua atarudi anacheka. Akarudi, akaketi mbele ya ugali mpaka ukapoa.

"Kwani ni mbaya?" nikamuuliza.

"Nzuri. Hapo ndipo pananiuma." Akasukuma sahani. "Sauti yao mie siifikii hata nikizeeka nayo. Unasikia steringi wa picha anavyohema ndani ya kofia yake ya angani. Nyuso ni za watu, si kama zangu, wote wametoka kama matofali ya kuchoma. Lakini giza wamelifuta, Ana. Wametia mwanga kila pembe. Unaona kabisa kwamba ile sayari ni turubai lililopakwa rangi. Lile dude linalowameza watu likigeuka, unaona lina zipu mgongoni!"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Na yule mama daktari haiti majina yote. Anaita mawili, wanakata. Nadhani waliona anachelewesha mambo."

"Nani atajua kama yalikuwa zaidi?"

"Mie. Na wewe uliyeiona Mtwara."

Hemedi ni mtu asiye na kinyongo. Alipoambiwa hayo akasema, basi maliza yako, tuzionyeshe zote mbili, wenye macho waseme. Maneno mema tu, lakini yalimtia Dismas wazimu wa kazi. Redio za watu zikalala mezani. Akawa anaingia chumba kile tangu asubuhi, anatoka macho mekundu, kichwa kinamgonga, mara anacheka ovyo kwa jambo lisilochekesha. Kila nikimwambia fungua dirisha ananijibu, "Namalizia kipande hiki." Nikaanza kuogopa, lakini ilikuwa hofu ya mke anayedhani mumewe amechoka.

Jumapili kukawa na kipaimara kwa jirani. Dismas akanywa bia, wala si nyingi, unajua si mlevi. Asubuhi akaamka anatapika. Akawa anashika ubavu wa kulia, anajikunja kama mtoto. Nikadhani malaria, nikampa vidonge, vikarudi. Kesho yake, nilipomfunua shuka, weupe wa macho yake ulikuwa njano kama binzari. Halafu nikagundua kwamba tangu jana hajaenda haja ndogo. Nikamwita. Akanitazama vizuri tu, akaniita kwa jina la mmoja wa wale wasafiri wa kwenye picha, akaniambia nisitoke nje, giza limefika mlangoni.

Nilipiga kelele, dada. Sijui nilisema nini.

Majirani wakajaa. Mama Tatu, tunayepakana naye ukuta, akanivuta pembeni. "Mwanangu, hiyo si homa. Mumeo kila siku anaviamsha vitu vya gizani ambavyo hata waliovipiga picha hawavijui. Toa hiyo mikanda, ichome sasa hivi."

Nimebatizwa, nimepata kipaimara, na siku hiyo nilimwamini. Kwa sababu hata mie nilikuwa nimekiogopa chumba kile. Kila nikiingia kufagia kichwa kilizunguka, nikahisi kuna mtu amesimama nyuma yangu. Sikuwahi kumwambia yeyote.

Wakati wanatafuta gari la kumpeleka hospitali, nikaingia kumchukulia shati. Mambo yakawa yaleyale. Ukuta ukaanza kutembea, nikajikuta nimeketi sakafuni. Pua yangu ilikuwa usawa wa lile debe, na mfuniko haukuwepo. Utamu ule ukanijaa kooni. Nikatambaa hadi uani, na nilipovuta hewa ya nje kichwa kikatulia palepale. Nikamtazama Mama Tatu, nikamwambia, "Jini halikai kwenye debe." Nikabana pumzi nikarudi ndani, nikalifunga lile debe, nikalizungushia mfuko wa nailoni, nikapanda nalo garini.

Daktari alikuwa kijana mpole. Aliyasoma maandishi ya kwenye debe mara moja tu, akaliweka nje ya dirisha.

"Amekunywa pombe juzi au jana?"

"Bia kidogo, Jumapili."

Akafumba macho. "Dawa hii ikivutwa kwa wingi inakula ini. Ikikutana na pombe, ni moto uliomwagiwa petroli. Ini limevimba na figo zimegoma. Tutamsaidia, lakini kazi kubwa ni kusubiri. Figo zikiamka, atapona."

"Zisipoamka?"

Akanitazama, kisha akatazama gauni langu, akauliza kwa sauti ya chini, "Na wewe mama unalala wapi?"

Dada, hata wewe sikuwa nimekuambia. Nina mimba. Nilitaka ipite ile miezi ya mwanzo, baada ya ile iliyoharibika mwaka juzi. Nikamwambia daktari nalala upande wa pili wa pazia. Akaandika kitu, akasema kuhusu mtoto hawezi kuniambia lolote la hakika, niende kliniki bila kukosa, na chumba kile nisikitie mguu. Nikatoka nikaegemea ukuta wa nje. Nilikuwa na watu wawili wa kuwalilia, na sikujua nianze na yupi.

Siku zile sitazisahau. Dismas alivimba miguu na uso, nikawa simtambui. Nikimwita, hasikii. Nikarudia, kimya. Kila nesi akipita kitandani naangalia chupa ya mkojo iliyoning'inia, haina kitu. Hemedi alikuwa analeta chai kwenye chupa, anaketi chini ukumbini ameinamisha kichwa, anasema ni yeye aliyemuua rafiki yake kwa maneno. Nilikosa hata nguvu ya kumkatalia. Usiku nilikuwa naogopa kulala, na mchana naogopa kumtazama.

Mpaka asubuhi moja nesi mmoja mnene, mkali ajabu, aliyekuwa hatupi hata salamu, akatoka wodini ameinua ile chupa juu kama nahodha aliyebeba kombe la mpira. "Mke wa Dismas! Njoo uone! Mumeo kakojoa!" Nikapiga magoti palepale. Wagonjwa wakapiga makofi. Hemedi alilia waziwazi, mtu mzima na kofia yake.

Aliporudishwa nyumbani alikuwa mifupa. Mikanda ilikuwa imehamishiwa uani kwa jirani, na chumba tumekiacha wazi. Hemedi akaja na televisheni na deki kwenye gari, akasema ahadi ni ahadi. Jioni tukatundika khanga madirishani, shuka jeupe ukutani, mlango ukaachwa wazi kwa amri yangu. Mtaa mzima ukaja.

Ikatangulia kaseti ya Hemedi. Watu waliifurahia, na mie nisiwe mwongo, nami niliifurahia. Sauti safi, rangi za kupendeza. Dude lilipogeuka vijana wakapiga kelele, "Zipu! Zipu!" tukacheka hadi machozi.

Ikaja ya Dismas. Nyuso nyekundu, michirizi inashuka. Mtu akasema, "Inanyesha hiyo!" Pale alipounga vipande sauti iliruka, maneno yakamezwa. Dismas alikuwa kwenye kiti pembeni ya mashine, ameshika magoti yake, nikamwonea huruma.

Kisha wakafika gizani. Dada, ukutani hapakuwa na kitu. Taa moja tu ya kofia, ndogo kama ya kiberiti, inakwenda, inasimama, inazimika. Hakuna aliyekohoa. Mama daktari akafika mlangoni akaanza kuita. Aliita majina yote. Jina moja halikujibiwa, akaliita tena, akangoja, akaliita tena kwa sauti ya mtu anayejua. Mama Tatu alinishika kama ulivyonishika wewe njia ile ya Mtwara. Sikuwa naliogopa dude. Mie nilikuwa wodini, namwita mtu aliyevimba uso asiyenisikia.

Hapo mtoto akacheza tumboni. Ndiyo mara yake ya kwanza. Nikapiga ukelele, na watu wote wakapiga ukelele, wakidhani nimeona kitu ukutani, mashine ikazimwa kabla ya mwisho.

Hemedi akaitoa kaseti yake kwenye deki. "Yangu nitaikodisha, na watu wataipenda," akasema. "Yako sitaki kuiona tena wiki hii." Dismas akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu augue. Akasema picha ya kweli ingekuwa na sauti yao na giza lake. Halafu watu walipokwisha kuondoka, akanigeukia. "Ana, sehemu ya mwisho bado chafu. Lile debe liko wapi?"

Nilikuwa nimeficha lile swali la daktari, nisimwongezee ugonjwa. Siku ile nikamwambia lote. Nilalapo, pazia, mimba, na kwamba daktari hakuweza kuniambia lolote la hakika. Aliweka mkono juu ya tumbo langu, akautoa haraka, kana kwamba mkono wenyewe una sumu. Asubuhi akaibeba mikanda yote kwa Hemedi akaiacha huko. Sasa anatengeneza redio barazani, na jirani anasema akiwa peke yake huwa anazungumza na mtu ambaye hayupo.

Kliniki wanasema moyo wa mtoto unapiga vizuri. Nawashukuru, lakini nesi wa kliniki hasikilizi kitu kingine zaidi ya moyo. Asubuhi mtoto akicheza naweza kula. Akichelewa, nakaa kitandani sijui nimwite kwa jina gani.

Nisalimie mjomba Longinus, aliyetufungulia mlango wa sinema, ila usimweleze haya. Msalimie wifi Hilda anayemlea mama nikiwa huku, na mumewe, kaka yetu Lukas, na bibi wa Ndanda aliyenipa jina. Kwa mama utajua la kusema.

Na wewe dada, omba ruhusa shuleni uje likizo, hata kama barabara ya kusini imekatika kwa mvua, uje kwa meli. Siku ya kuzaa nataka wewe ndiye umpokee mtoto, umtazame mwanzo hadi mwisho, vidole, macho, kila kitu, ndipo unipe. Mie nitakuwa nimefumba macho mpaka nikusikie unasema.

Mdogo wako anayekungoja,
Anastazia