Fainali Tuliyoitazama kwa Sarjono

Solo, Juni 1998

Dada yangu mpendwa Giok,

Pokea salamu zangu na za Baba. Shemeji hajambo? Na watoto, baridi ya huko Perth imewaachia mafua? Sisi tu wazima wa mwili, ingawa najua hutaamini mpaka nikueleze, maana siku ile kwenye simu ulilia hata sikusikia ulichouliza. Basi kaa, usome polepole.

Kwamba duka letu la raketi limeteketea umeshajua. Usilojua ni hili. Umati uliokuwa ukichoma maduka ya Wachina ulipofika barabara kuu, Sarjono, yule jirani yetu mwashi mwenye maneno mengi, alitushika mikono mimi na Baba, akatusukumia jikoni kwake. Akatundika mswala mlangoni wajue ni nyumba ya Waislamu, akakaa kibarazani na kahawa yake kama mtu asiye na shughuli. Walipomuuliza kama humu kichochoroni kuna Wachina, nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia, "Wachina wa wapi? Humu nina mke tu, mkali huyo, mkimtaka chukueni bure!" Wakacheka, wakapita zao. Nyumba yetu haikuguswa. Duka ndilo walilolikomba kisha wakalitia moto. Raketi zimekwenda, mashine ya Baba ya kufungia nyuzi imekwenda, hata ile runinga kuukuu aliyokuwa akiitazama huku akifanya kazi.

Tangu hapo Baba akawa hali chakula, hasemi. Nilimsomea barua yako ya kutuita tuhamie kwako, nikamwambia Giok anataka jibu, twende au tubaki. Aliutazama ukuta.

Asubuhi rais aliposema anang'atuka, mimi nilikuwa kwa Mama Wagiyem, mkewe Sarjono, nikisikiliza redio yake. Giok, mimi na wewe tumezaliwa tukamkuta madarakani, tukadhani tutakufa tumuache! Mwanamke yule aliangusha mwiko. Nje watu walikuwa wakikumbatiana na wasiowajua. Na magazeti, loo! Muuza magazeti anatangaza kwa sauti kuu mambo ambayo juzi tu ukiyanong'ona mwenzio anakuziba mdomo. Nilikimbia nyumbani nikamtikisa Baba, nikamwambia dunia imepinduka. Aliniuliza kama maji ya chai yamechemka.

Ikaja fainali ya Kombe la Thomas, la mpira wa vinyoya. Sarjono aliingia kwetu bila hodi, akamwambia Baba, "Mzee Liem, leo hukai ndani. Vijana wetu wanacheza na Malaysia. Usipokuwepo wewe, nani atatuambia kama mwamuzi katuibia?" Nami nikashangaa kumwona Baba anatafuta viatu.

Kichochoro kizima kilikuwa sebuleni kwa Sarjono, watu wamebanana mikekani na karanga zao. Runinga ilifunikwa kitambaa cha batiki juu na ubavuni, kioo tu ndicho kilichoonekana. Unajua mwenyewe kwamba kwenye timu ile wamo Wachina kama sisi. Basi ungewasikia watu! Wanawaita kwa majina, wanawaombea dua, Mama Wagiyem anapiga sufuria huku machozi yanamtoka. Mungu wangu, niliduwaa. Siku chache tu nyuma tulikuwa tunasakwa, na sasa mji huu huu unawalilia wenzetu kama watoto wake wa kuzaa.

Mchezo umepamba moto, picha ikaanza kukimbia juu chini. Sarjono akaipiga kofi, akaitukana, "Runinga gani hii, ina kichaa!" Watu wakaanza kupiga kelele. Hapo Baba akainuka. Akaomba kijiti cha kiberiti. Akainua kitambaa, akapeleka mkono nyuma bila hata kuchungulia, akakichomeka kijiti mahali palipovunjika kitufe, akagonga ubavu wa kushoto. Picha ikatulia.

Hakuna aliyemuuliza amejuaje. Sarjono alisimama na kile kitambaa mkononi, kinywa wazi. Baba akarudi kuketi, akasema, "Tazameni mchezo, jamani, mtapitwa." Ukiacha chai na kijiti, ndiyo maneno yake ya kwanza tangu moto ule. Tulishinda, Giok. Watu walimbeba Baba juu juu kana kwamba ni yeye aliyecheza.

Kesho yake asubuhi Sarjono alikuja ameibeba ile runinga, analia kama mtoto. Alisema siku ile alikwenda dukani kwetu, kabla halijatiwa moto, kuona kama kuna cha kuokoa, akakuta kila mtu amebeba kitu, naye akabeba. Baba alimwambia airudishe kwake, ila asikipoteze kile kijiti. Kisha akamkaribisha chai. Alipoondoka nilimuuliza Baba amewezaje. Akanijibu, "Aliyetuficha na aliyetuibia ni mtu mmoja, mwanangu. Nitamgawaje?" Sijui moyo wa namna ile unapatikana wapi. Sasa anakaa kibarazani anafunga nyuzi za raketi kwa mikono, na wateja wanakuja.

Sasa nikwambie ninaloona haya kulisema. Mimi siwezi. Sarjono akinisalimu, naitikia, kisha naingia ndani nafunga mlango. Maisha yangu ni yeye aliyeyaokoa, na maji yake hayapiti kooni mwangu. Nilificha mpaka nikashindwa, nikamwambia Baba, nikingoja anikaripie. Alivua miwani, akaifuta, akasema yeye amezeeka na watu hawa, amechagua. "Wewe hujachagua. Nenda kwa dada yako. Na usije ukarudi kwa kunionea huruma."

Kwa hiyo lile jibu lako ni hili: Baba habanduki hapa, nami nakuja. Tuma tiketi moja.

Nisalimie shemeji na watoto, uwabusu wote. Siku utakayonipokea uwanja wa ndege, nakuomba, usiniulize habari za Baba mbele za watu. Ngoja tufike nyumbani.

Mimi mdogo wako,
Hwa