Kukililia Chombo cha Zohali

Mjukuu wangu Rehema,

Salamu nyingi zikufikie huko Ujerumani. Sisi hapa Chaani tu wazima, alhamdulillahi, na babu yako kikohozi kimempungua.

Umeniuliza kama ni aibu kulia mbele ya wenzako chombo chenu cha anga kilipozimika njiani kuelekea sayari ya Mshtarii. Nikiwa msichana, mwalimu alitusimulia habari za chombo kisicho na mtu, kilichotumwa kuipiga picha sayari ya Zohali na miezi yake.

"Mwalimu, kitarudi lini?" nikauliza.

"Hakirudi. Kitazidi kwenda tu."

Machozi yakanitoka palepale. Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu naye akacheka. Nikajifunika uso kwa mtandio.

Tangu siku hiyo sikuuliza tena swali darasani, ingawa nilikuwa nayo mengi: huko kuna baridi gani, zile picha zinatufikiaje. Nikamaliza shule kimya. Machozi siyaonei haya tena, wallahi. Kule kunyamaza ndiko ninakokuonea haya mpaka leo.

Basi wewe kesho nenda kazini na macho yako mekundu, ukawaulize kimezimikaje.

Bibi yako akupendaye,
Mwanakombo