Nilimjibu Mwalimu Kwamba Naumwa Kichwa

Mama Apua mpendwa, ejok, hujambo? Nakuandikia nikiwa mzima na mwenye shukrani nyingi, lakini moyo umekataa kutulia, nisaidie. Kazi yangu ni kujifanya mgonjwa katika chuo kimoja hapa Lodwar, wanafunzi wa famasia wananihoji na kunishauri kuhusu dawa huku mwalimu akiwapa alama, na sharti ni niseme ugonjwa nilioandikiwa tu, wangu niuache nyumbani Kanamkemer. Juzi kwenye mtihani niliandikiwa kuumwa kichwa, nikawa natetemeka na jasho linanitoka, wanafunzi wote wakadhani naigiza vizuri, mpaka alipoingia binti wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma anaitwa Nyariek, akaniangalia, akaniuliza polepole kwa Kiturkana, maana amekulia huku, "Mama, nyumbani kuna dawa unakunywa?" Kwa lugha ya mama yangu ulimi ulishindwa kudanganya, nikamwambia nina ugonjwa wa sukari, nameza tembe za hospitali, na siku hizi nakunywa pia maji ya echuchuka, ule mshubiri wetu mchungu, na asubuhi ile sikuwa nimekula kitu.

Akatoa soda kwa mkoba wake. "Kunywa yote, mama, halafu uende hospitali sasa hivi."

Mwalimu wao ni mgeni, Kiturkana hakijui, alichoona ni mwanafunzi anampa soda mtu anayeumwa kichwa, akamwangusha palepale, Nyariek akajitetea, mwalimu akanigeukia, "Mama, kweli uko na sukari?" na mimi kwa kuogopa kufukuzwa nikajibu naumwa kichwa. Hospitali nilienda, daktari akasema tembe na echuchuka bila chakula zilikuwa zimeishusha sukari vibaya, bila ile soda ningezimia. Ijumaa matokeo yanapitishwa, na Nyariek akianguka, mfadhili wake anamwacha. Nimemtafutia mbuzi mnono wa kumshukuru. Je, nimpelekee nikanyamaza, au niseme nikose kazi?

Abei

Abei, pole sana, na Mungu ashukuriwe uko hai wa kuniandikia. Lakini wewe mama! Mtoto wa watu akupe soda yake, nawe umwache aanguke mbele ya macho yako? Shukrani ya punda ni mateke, na mbuzi hata awe mnono namna gani, teke ni teke.

Kesho kunywa chai, ule ushibe, uchukue kitabu chako cha kliniki uende kwa mkuu wa chuo. Omba mwalimu awepo, na mtu anayejua Kiturkana. Kazi ikiisha, iishe. Ila chuo chenye akili hakiwezi kumfukuza aliyewaonyesha mwanafunzi wao bora ni nani. Echuchuka iache mpaka daktari akuruhusu.

Mbuzi mfunge kwako mpaka matokeo yatoke, maana ukimpeleka leo watasema mlipatana. Na mwalimu akikuuliza tena unaumwa nini, Abei, mwambie.